Wakati Kama Huu Mwaka Jana: Kwa Nini Kaskazi Mbili Hazilingani kwa Tarehe

Siku ya kwanza ya Februari 2025 nilikwenda Jambiani, pwani ya mashariki ya Unguja, kumwangalia mama, nikamkuta anabishana na mnunuzi wa mwani. Kijana huyo alikuwa na karatasi ya hesabu mkononi. Kwa karatasi yake, siku kumi za mwisho za Januari 2024 kina mama wa pale walimpelekea mwani mwingi, na siku kumi zizo hizo za Januari 2025 wamempelekea kidogo sana. Akauliza, kwa adabu lakini kwa shaka, kama kazi imewachosha au kama kuna mtu mwingine wanayemuuzia. Mama akamsikiliza mpaka mwisho. Kisha akamwonyesha uwanja mzima uliotandazwa mwani ambao ulikuwa haujakauka, akamwambia: "Mwanangu, wewe unahesabu tarehe, mimi nahesabu maji."

Makala haya nimeyaandika kwa sababu ya jibu hilo. Kaskazi hii kila mtu ana kauli yake kuhusu mwaka jana. Barazani Mwembeladu, ndani ya daladala, kwenye foleni ya mkate wa boflo asubuhi, utasikia: mwaka jana wakati kama huu joto halikuwa hivi, mwaka jana wakati kama huu dagaa walijaa, mwaka jana wakati kama huu mtu ukipata riziki unaiona. Jirani yake aliyekaa hapo hapo anasema kinyume, na wote wawili wanasema kweli. Tabu imejificha ndani ya yale maneno "wakati kama huu". Visiwani kwetu mambo ya kila siku hayafuati kalenda moja. Kuna yanayofuata mwezi, kuna yanayofuata upepo, kuna yanayofuata ofisi, na kuna yanayofuata likizo za watu wa mbali. Ukichukua tarehe moja ukaitumia kulinganisha yote, utajidanganya katika nusu yake.

Kaskazi ninayoisema ni ile miezi ya Desemba hadi Machi, upepo unapotoka kaskazini-mashariki, kabla masika hayajafungua. Hicho ndicho kiangazi chetu. Mgeni wa Ulaya akisema kiangazi anakusudia Julai na Agosti, wakati sisi tumo kwenye kusi na kipupwe na watu wa shamba wanajifunika shuka usiku.

Turudi kwenye mwani. Kilimo hiki kilianza Paje na Jambiani mwaka 1989, na tangu siku hiyo kimekuwa kazi ya wanawake zaidi kuliko ya wanaume. Mashamba yako baharini, kwenye mchanga ambao haufikiki kwa miguu mpaka maji yatoke sana. Maji hutoka sana wakati wa bamvua, yaani siku zinazozunguka mwezi mwandamo na mwezi mpevu, pale jua na mwezi vinapokaa kwenye mstari mmoja na dunia na kuivuta bahari kwa pamoja. Hapo tofauti ya maji kujaa na kupwa huku kwetu hukaribia mita 4. Mwezi ukiwa nusu, jua na mwezi huvuta kila kimoja upande wake, na tunapata maji mafu: bahari haijai sana wala haitoki sana, na shamba la mwani linabaki chini ya maji. Mtu hawezi kuvuna wakati wa maji mafu hata awe hodari vipi.

Sasa tazama tarehe. Tarehe 25 Januari 2024 mwezi ulikuwa mpevu. Bamvua lilikuja barabara, kina mama wakashuka, wakavuna, wakaanika siku mbili tatu, na mwezi haujesha wakawa wameshapeleka mwani kwa mnunuzi. Tarehe hiyohiyo mwaka 2025 mwezi ulikuwa umebaki ukucha, siku nne kabla ya kuandama upya, na maji ndiyo kwanza yanatoka kwenye maji mafu. Bamvua likaja tarehe 29 na kuingia Februari. Mwani ule ule, wa watu wale wale, ukahama kutoka karatasi ya Januari kwenda karatasi ya Februari. Kijana angesubiri siku tano tu asingekuwa na swali.

Sababu ya kuhama huku ni hesabu ndogo ambayo wazee wa pwani wanaijua bila kalamu. Miezi 12 ya mwandamo ni siku 354 au 355. Mwaka wa kalenda ya ofisi ni siku 365, na mwaka mrefu kama 2024 una 366. Kwa hiyo kila mwaka mwezi unatangulia tarehe kwa siku kama 11. Na kwa kuwa bamvua hadi bamvua ni kama siku 15, siku 11 zinatosha kabisa kukutoa kwenye maji makubwa na kukuweka karibu na maji mafu.

Dagaa wana habari hiyohiyo, ila wao wanaangalia mwanga. Wavuvi wa dagaa huvua usiku kwa taa. Dagaa wanaufuata mwanga na wavu unawazunguka. Mbalamwezi ikiwa kali, bahari yote ni taa, dagaa wanatawanyika, na vyombo vingi vinakaa ufukweni watu wakishona nyavu. Usiku wa tarehe 9 Februari 2024 ulikuwa giza totoro, mwezi ndio unaandama. Usiku wa tarehe 9 Februari 2025 mwezi ulibakiza siku tatu kuwa mpevu. Mtu aliyekwenda diko, pale vyombo vinaposhusha samaki, asubuhi ya tarehe 10 miaka yote miwili, akaona mwaka jana dagaa wanapimwa kwa ndoo na mwaka huu hakuna kitu, ameona kweli. Akisema "bahari imekufa", hapo amepita mpaka. Bahari huenda kweli inachoka, lakini siku ile alichokiona ni mwezi.

Naomba msomaji aelewe kwa nini naliweka jambo hili mbele kabisa. Sitetei kwamba hakuna kilichobadilika, na kina mama wa mwani wanajua kuliko mtu yeyote kwamba kimebadilika. Zamani mama alipanda aina inayoitwa kottoni, ambayo bei yake ni nzuri zaidi. Maji ya pwani yalipozidi joto, kottoni ikaanza kuoza kambani, ikageuka nyeupe na kukatika vipande, mpaka wengi upande wa mashariki wakaiacha na kubaki na spinosumu ambayo inavumilia lakini bei yake ni ndogo. Hayo ni mabadiliko ya kweli, ya miaka mingi, na yamewaingia watu mifukoni. Lakini huwezi kuyaona sawasawa kama kila mwaka unayachanganya na kusogea kwa mwezi. Ndiyo maana mama ana daftari la skuli, lililofungwa kwa mfuko wa plastiki, na ndani yake hakuandika Januari wala Februari. Ameandika bamvua la kwanza, bamvua la pili, mwezi gani wa Kiislamu, viroba vingapi, na pembeni neno moja: maji moto, au maji mazuri. Anapotaka kujua kama mwani umepungua, analinganisha bamvua na bamvua.

Jambo jingine linalofuata mwezi ni Ramadhani, na hili linagusa kila jiko. Naandika haya mwisho wa Shaaban 1446, yaani mwishoni mwa Februari 2025, siku chache kabla ya mwezi kuandama, na tayari watu wanapanga jungu la kuvunja. Mwaka jana tulianza kufunga tarehe 12 Machi, wengine siku moja kabla. Mwaka huu tutakuwa tumeanza kwenye mosi au pili ya Machi. Maana yake ni kwamba tarehe 5 Machi 2024 ilikuwa siku ya kawaida: mama ntilie wamefungua, watoto wanakula barafu za mifuko barabarani, ofisi zinakwenda saa zake. Tarehe 5 Machi 2025 mikahawa itakuwa imefungwa mchana, muhogo na magimbi na ndizi mbichi vitakuwa vinagombaniwa kuanzia alasiri, na usiku Darajani patakuwa pamechangamka mpaka daku. Kulinganisha siku hizo mbili kwa bei ya muhogo hakukuambii kitu kuhusu uchumi. Kunakuambia tu kwamba siku moja ilikuwa Shaaban na nyingine Ramadhani.

Kinachonisumbua ni kwamba hata takwimu nzuri zinaweza kuteleza hapa, kwa msomaji asiyekuwa makini. Ofisi ya Mtakwimu Mkuu wa Serikali Zanzibar hutoa mfumuko wa bei kila mwezi, na ule unaotangazwa zaidi unalinganisha mwezi huu na mwezi uo huo wa mwaka uliopita. Njia hiyo ina busara yake. Ukilinganisha Januari na Desemba utashangaa embe zimeshuka bei au zimepanda, kumbe ni msimu tu. Ukilinganisha Januari na Januari, msimu wa upepo unajifuta wenyewe. Lakini Ramadhani haijifuti, kwa sababu haikai pahala pamoja. Machi 2024 ilikuwa na siku kama 20 za Ramadhani, nyingine zikaingia Aprili, na Idi ikaswaliwa tarehe 10 Aprili. Machi 2025 itakuwa karibu yote ni Ramadhani, na Aprili haitakuwa nayo hata siku moja. Kwa hiyo bei za vyakula vya futari zikionekana zimepanda Machi na kutulia Aprili, sehemu ya kupanda na ya kutulia itakuwa ni kalenda. Anayetaka kujua kama futari imekuwa ghali kweli alinganishe wiki ya kwanza ya mfungo na wiki ya kwanza ya mfungo, kumi la mwisho na kumi la mwisho. Mwanamke anayepewa pesa ya matumizi na mumewe kwa kiwango cha "Machi iliyopita" ana haki ya kuonyeshwa hesabu hiyo, kwa sababu yeye ndiye atakayeonekana mbadhirifu.

Ramadhani huchukua kama miaka 33 kuzunguka mwaka mzima na kurudi pale pale. Iliyoangukia siku hizi za Machi mwanzoni ni ile ya 1992. Kwa hiyo mzee wa miaka 60 amefunga kwenye kaskazi hii akiwa kijana wa miaka 27, na hatashangaa. Saa za kufunga kwetu hazibadiliki sana, kwani tuko nyuzi 6 tu kusini ya ikweta na mchana wetu mrefu unauzidi mchana mfupi kwa dakika kama 40 tu. Kinachobadilika ni kiu. Mfungo wa Juni na mfungo wa Machi una saa karibu sawa, ila ule wa Machi unakukausha koo kabla ya adhuhuri.

Hapo tunaingia kwenye joto. Kila mwaka watu hubishana kama joto limezidi, na ubishi haushi kwa sababu wanaobishana hawakai pahala pamoja. Kaskazi ni upepo kabla ya kuwa joto. Ukikaa Jambiani, Paje au Matemwe, upepo wa bahari unakufikia mchana kutwa na unaweza kusahau nyuzi ni ngapi. Ukikaa Ng'ambo, nyumba imebanwa na nyumba, paa ni bati, dirisha linatazama ukuta wa jirani, upepo ule ule unakupita juu. Halafu jua lenyewe hupita juu ya utosi wetu mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Oktoba na karibu na tarehe 5 Machi. Mara hii ya pili ndiyo mbaya, kwa sababu inakutana na siku ambazo kaskazi inakufa na kusi haijaanza, ile tangambili ambapo tanga linaning'inia na nguo zilizoanikwa hazitikisiki. Siku mbili za nyuzi sawa, moja ina upepo na moja haina, mwili hauzihesabu sawa. Kama kaskazi ya mwaka mmoja imekatika mapema na ya mwaka mwingine imechelewa kukatika, watu watasema mwaka mmoja ulikuwa moto na mwingine afadhali, na kipimajoto kikionyesha karibu sawa kitaonekana kimeharibika.

Pamoja na hayo, dunia nzima imepima na kukuta kwamba 2024 ulikuwa mwaka wa joto kuliko yote iliyowahi kupimwa, na bahari ilipata joto kiasi kwamba Aprili ya mwaka huo wanasayansi walitangaza kwamba matumbawe yanapauka katika bahari zote kubwa zenye matumbawe. Hilo halina ubishi wa barazani.

Lakini tofauti kubwa kati ya kaskazi iliyopita na hii tuliyonayo, kwa maoni yangu, ilianza kabla ya kaskazi zenyewe. Ilianza kwenye vuli. Vuli ya 2023 ilikuwa na mvua nyingi sana Afrika Mashariki. Mambo mawili yalikutana. Kwanza El Niño, pale maji ya Bahari ya Pasifiki karibu na ikweta yanapopata joto kuliko kawaida na kuvuruga mvua za dunia. Pili, Bahari yetu ya Hindi ilikuwa imeinama upande wetu: maji ya magharibi, huku Afrika, yalikuwa na joto zaidi ya kawaida kuliko yale ya upande wa Indonesia, na maji yenye joto hutoa mvuke unaojenga mawingu. Vitu hivyo vikija pamoja, vuli hugeuka kama masika. Vuli ya 2024 haikuwa na msaada huo, na katika sehemu kubwa ya Afrika Mashariki ilikuwa hafifu.

Sasa fikiria maisha ya mtu wa shamba. Januari 2024 aliingia kaskazi ardhi ikiwa imelewa maji. Visima vimejaa, muhogo umenenepa, mchicha unaota wenyewe, na mbu ni wengi. Januari 2025 ameingia kaskazi ardhi ikiwa kavu tangu mwanzo. Tungule zinamwagiliwa kwa ndoo, kisima kinateremshwa kamba ndefu zaidi, na mbu wamepungua. Anayesema mwaka jana maisha yalikuwa mepesi ana kweli yake, na anayesema mwaka jana tuliumwa na homa zaidi naye ana yake. Wote wanazungumzia vuli. Kuulizana hali ya kaskazi bila ya kuuliza vuli ilikuwaje ni kuonja mchuzi bila kuuliza nazi imetoka wapi.

Na kuna chakula ambacho hakijali vuli wala mwezi wetu. Mchele tunaokula mwingi unatoka nje. Julai 2023 India, ambayo ndiyo inayouza mchele mwingi kuliko nchi yoyote, ilizuia kuuza nje mchele mweupe wa kawaida, na mwanzoni mwa 2024 bei ya mchele duniani ilikuwa juu kuliko ilivyokuwa kwa miaka kama 15. Septemba 2024 India ikaondoa zuio hilo. Kwa hiyo mwenye duka wa mtaani anapokwambia habari ya mchele mwaka huu si kama mwaka jana, anakupa habari ya Delhi, ingawa gunia limetoka Malindi bandarini.

Kuna mtego mwingine ambao ni mgumu zaidi kuuona: mwaka jana wenyewe unaweza kuwa haukuwa mwaka wa kawaida. Mfano ninaoukumbuka mpaka leo ni wa giza. Desemba 2009 umeme wa Unguja ulikatika kwa hitilafu ya njia ya umeme inayotoka bara chini ya bahari, na haukurudi mpaka Machi 2010. Kaskazi nzima tulilala bila feni, samaki wakivuliwa na kuliwa siku hiyohiyo kwa kuwa hakuna barafu, jenereta zikipiga kelele Mji Mkongwe usiku kucha. Kaskazi iliyofuata, ya 2011, kila mtu alisema maisha yamekuwa mazuri. Yalikuwa mazuri kuliko nini? Yalirudi tu pale yalipokuwa 2009. Ukilinganisha na shimo, hata tambarare itaonekana kilima.

Kinyume chake kilitokea Januari 2024. Ilikuwa miaka 60 ya Mapinduzi, na mwaka wa namna hiyo haurudi kila siku: sherehe kubwa mjini, wageni, kazi za mapambo, vyakula, usafiri. Kombe la Mapinduzi lilichezwa Unguja, na fainali ya tarehe 13 Januari Mlandege wakaifunga Simba 1-0. Januari 2025 Kombe likahamia uwanja wa Gombani, Chake Chake, Pemba, likachezwa na timu za taifa, na Zanzibar Heroes wakalichukua kwa kuifunga Burkina Faso 2-1. Shangazi yangu anakaa Wete. Alinipigia simu baada ya fainali, sauti imekauka kwa kushangilia, akaniambia, "Mwanangu, Chake siku hizi huwezi kupita, hata chumba cha kulala hupati." Muuza chai wa Mjini akasema Januari hii ilikuwa imepoa, muuza chai wa Chake akasema hajaona Januari kama hii. Pesa ilivuka bahari pamoja na mpira. Ukizijumlisha Unguja na Pemba pamoja huenda usione tofauti yoyote, na bado watu wawili wa kweli wameishi Januari mbili za kweli zisizofanana.

Kwa shangazi yangu lakini, si mpira unaoamua kaskazi imekuwaje. Ni karafuu. Pemba ndiko inakotoka sehemu kubwa ya karafuu zetu, na mkarafuu ni mti unaotaka kupumzika. Ukizaa sana mwaka mmoja, mwaka unaofuata huenda ukatoa vikonyo vichache tu. Mnunuzi ni mmoja, Shirika la Taifa la Biashara, na bei Serikali ndiyo inayoipanga, kwa hiyo kinachopanda na kushuka sana nyumba kwa nyumba ni kiasi ulichochuma. Fedha za mavuno ya mwisho wa mwaka ndizo zinazoonekana Januari na Februari: bati jipya, mahari inayopelekwa, ada za skuli zinazolipwa kwa mpigo. Kwa hiyo mtu wa Wete akilinganisha kaskazi mbili zinazofuatana, mara nyingi analinganisha mti uliozaa na mti uliopumzika. Yeye anahitaji kurudi nyuma miaka mitatu au minne kabla ya kusema hali imeharibika au imetengenea. Shangazi anasema hivyohivyo kwa lugha yake: mkarafuu usiuulize mwaka, uulize umri.

Wageni wanafuata saa nyingine tena. Mwaka 2023 Zanzibar ilipokea wageni zaidi ya 638,000, na 2024 zaidi ya 736,000. Hayo ni maongezeko makubwa, na hakuna ujanja wa kalenda unaoweza kuyafuta. Lakini kijana anayefanya kazi hotelini hapokei takwimu ya mwaka, anapokea mshahara wa mwezi na bahashishi ya siku. Yeye anaishi kwa hai sizoni na lo sizoni, na hizo zinapangwa na likizo za skuli za Ulaya, baridi ya kwao, na Pasaka yao. Pasaka 2024 ilikuwa tarehe 31 Machi. Mwaka huu ni tarehe 20 Aprili. Machi yake ya mwaka huu itakuwa nyembamba na Aprili itanenepa kidogo, hata kama hakuna mgeni mmoja aliyepungua. Na Februari ya 2024 ilikuwa na siku 29. Hoteli iliyopokea wageni sawasawa kila siku miaka yote miwili, Februari hii jumla yake itakuwa imeshuka kwa zaidi ya asilimia 3, kwa sababu ya ile siku moja tu. Nimewahi kuona watu wakiambiwa kazi imepungua kwa tofauti ndogo kuliko hiyo.

Wazee waliotutangulia walilijua tatizo hili vizuri, na walikuwa na dawa yake. Mabaharia na wakulima hawakutumia mwezi kupanga safari na kilimo, kwa sababu walijua unahama. Walihesabu siku kuanzia Nairuzi, mwaka wa jua, ule ambao Makunduchi bado wanauadhimisha Julai kwa Mwaka Kogwa. Siku 365 ziligawanywa kwa makumi, kila kumi ni mwongo, miongo 36 na siku 5 juu. Nahodha alijua katika mwongo fulani aondoke, katika mwongo fulani asithubutu kutoka bandarini. Mwezi ukabaki kwa ibada, na jua kwa tanga na jembe. Hata hesabu hiyo haikukaa sawa daima, kwani mwaka wake hauna siku ya ziada kila baada ya miaka minne, na hivyo unateleza polepole, siku moja kwa miaka minne. Bado, mtu wa zamani alikuwa na kalenda mbili kichwani na alijua ipi ni ya swali gani. Sisi tuna simu zenye kalenda moja.

Wiki iliyopita nilirudi Jambiani. Yule kijana mnunuzi alikuwa ameshapokea mwani wa mwanzo wa Februari na alikuja tena, safari hii hakuleta karatasi peke yake. Alimwomba mama amwonyeshe daftari. Wakakaa chini ya mwembe. Mama akamfungulia ukurasa wa Ramadhani ya mwaka jana. Mfungo siku zote huanza na mwezi kuandama, na mwezi ukiandama kuna bamvua, kwa hiyo bamvua la kwanza la Ramadhani linaweza kuwekwa kando ya bamvua la kwanza la Ramadhani bila ya wasiwasi: mwezi ni ule ule, maji ni yale yale, na hata saa ni ile ile, kwani bamvua letu hutoka kwenye saa nne au tano asubuhi, jua likiwa limeshachomoza vya kutosha juu ya watu waliofunga. Mwaka jana pembeni ya ukurasa huo aliandika: viroba kumi na moja, maji moto.

Chini yake ameacha mstari mmoja mtupu.